Theluji ya Valombrey: Nani Alifungua Kamba?

Kama wiki iliyopita uliliweka gazeti chini ukijipa moyo kwamba Odile Jacquemoud angewahi kufika kwenye kamba, pole sana. Hakuwahi.

Alikuwa bado mbali kidogo juu ya mteremko mlima ulipoguna. Hakikuwa kishindo. Ilikuwa sauti nzito ya chini kwa chini, kama ng'ombe anayejigeuza zizini. Kisha Korongo la Mbuzi lote likang'oka na kuondoka, jeupe, likivuta wingu nyuma yake.

Lilipotulia, hakuna aliyepiga kelele. Hapakuwa na wa kupiga kelele.

Odile alizikuta kamba kwenye nguzo. Zile kamba nyekundu alizozifunga mwenyewe, yeye msimamizi wa kituo cha juu cha skii, saa moja asubuhi, baada ya upepo kuvuma usiku kucha na kuilundika theluji mahali pabaya. Alizifunga akaandika kwenye ubao: KUMEFUNGWA, HATARI. Sasa ubao ulikuwa umelazwa kifudifudi, na kamba zimekunjwa vizuri, zimetundikwa. Hazikukatwa. Zilifunguliwa na mtu asiyekuwa na haraka yoyote.

Na chini ya theluji ile walikuwamo watu watatu. Wageni wawili, mume na mke kutoka Paris, na mwalimu wao wa skii, Firmin Jacquemoud. Mdogo wake Odile. Wa pekee.

"Firmin!" aliita. "Firmin, nijibu!"

Akateremka mbio kuelekea theluji ile.

*

Walikuja mbio. Anthelme, mwenzake wa kazi kwa miaka tisa, alitangulia na mbwa. Nyuma yake wanaume wengine wanane, kila mmoja na koleo na fimbo ndefu ya kuchomea theluji. Baba yake, mzee Séraphin, alikuwa miongoni mwao, uso umempauka kama jivu.

"Nani kafungua hizi kamba?" Odile alifoka.

"Chimba kwanza, dada!" Anthelme alimkata. "Utauliza baadaye!"

Walichimba. Mbwa alibweka, wakakimbilia pale, wakaona glavu ya njano. Ndani ya glavu mlikuwa na mkono, na mkono ulikuwa unacheza.

"Mzima! Ni mzima!"

Alikuwa yule mama wa Paris. Walimtoa akitapika theluji na kumlilia mumewe. Mume naye alionekana hatua chache tu kutoka hapo, mguu umevunjika, anatukana vizuri kabisa. Mtu anayetukana hafi leo.

Amebaki mmoja.

Odile alikuwa amepiga magoti, anachimba kwa mikono, wakati Bwana Viallet alipofika. Viallet, mkurugenzi wa kituo kizima, mtu wa mjini, koti lake la manyoya halijawahi kuingia tone la jasho. Asubuhi ile alikuwa kwenye mgahawa wa juu akinywa kahawa na wageni waliokuwa wakinung'unika kwamba mteremko mzuri kuliko yote umefungwa.

"Odile, rudi kituoni uendeshe gari la waya. Hawa majeruhi washuke."

"Ndugu yangu yuko humu ndani!"

"Na fundi wako ana homa tangu Jumatatu. Nani mwingine anaijua ile mashine? Mimi?"

Odile alimtazama Anthelme. Anthelme alikwepesha macho.

"Nenda," alisema. "Tutamtoa. Nakuapia, tutamtoa."

*

Gari la waya la kijiji cha Valombrey lilikuwa sanduku la vioo la kubeba watu kumi na wawili. Kushuka kijijini, dakika kumi na mbili. Kupanda, dakika kumi na mbili nyingine. Mwendeshaji alikaa kwenye kibanda chake, mbele yake waya na bonde, mkononi mashine. Nyuma haoni kitu, ila ukuta.

Alisikia miguu ikiingia garini. Akachungulia dirishani. Yule bwana wa mguu uliovunjika, mkewe aliyepoteza glavu moja, Viallet, na kwenye kona, kofia imeshushwa hadi puani, baba yake.

"Baba! Firmin vipi?"

Mzee Séraphin aliinamisha kichwa.

"Bado wanatafuta," Viallet alimjibia. "Shusha gari."

"Mko wanne tu, bwana mkurugenzi. Tungojeni kidogo, labda wanampata sasa hivi..."

"Mgeni wangu mguu unaning'inia, wewe unaniambia tungojeni? Shusha!"

Odile alivuta mpini wa mashine.

Gari liliondoka likiyumba, nafasi nane tupu. Alilisindikiza kwa macho mpaka likawa kama punje ya mchele juu ya mapaa ya kijiji. Kisha akaanza kuhesabu dakika, na kila dakika ilikuwa ndefu kuliko iliyopita.

Gari lilipopanda tena, mlango wa nyuma wa kituo uligongwa. Anthelme aliingia na wanaume watatu wakivuta machela. Juu ya machela kulikuwa na blanketi, na blanketi lilikuwa limefunika kila kitu.

Odile alishika ukingo wa meza.

"Amekwisha," Anthelme alisema. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma maandishi. "Alikwisha humo humo chini. Usimfunue, Odile. Mkumbuke alivyokuwa."

"Nataka kushuka naye."

"Ukishuka wewe, wageni sabini walioko juu watashushwa na nani? Wamepagawa wote mgahawani. Maliza kazi, dada. Sisi tutampeleka."

Odile aliweka kiganja juu ya blanketi, pale alipodhani ndipo kifua kilipo. Sufu ilikuwa nene, na mikono yake ilikuwa imekufa ganzi kwa kuchimba. Hakusikia kitu.

Akarudi kibandani. Akavuta.

Hivyo ndivyo Odile Jacquemoud alivyomshusha mdogo wake kutoka mlimani.

*

Saa tisa alasiri alishuka na kundi la mwisho. Wageni walikuwa wakisimuliana, mmoja akicheka kicheko cha woga. Chini, baba yake alikuwa akimngoja, peke yake, kofia mkononi.

"Njoo," mzee alisema. "Kabla hujafika kwa watu."

Alimwingiza kwenye chumba cha kuhifadhia skii, akafunga mlango. Mlikuwa na harufu ya nta na soksi mbichi.

"Kapteni wa polisi amefika kutoka bondeni," alianza. "Yuko ukumbini kwa meya. Anataka kujua kamba zilikuwaje."

"Hata mimi nataka kujua."

"Viallet ameandika karatasi. Unatakiwa utie saini tu. Inasema kamba zilikuwapo, na Firmin alizivuka kwa kiburi chake."

Odile alidhani amesikia vibaya.

"Baba. Mwanao hajazikwa."

"Najua hajazikwa!"

"Unataka akazikwe na jina la muuaji wa wageni?"

"Wageni wako hai. Aliyekufa ni yeye tu, na aliyekufa hafukuzwi kazi!" Mzee alishika kichwa. "Sikiliza, mwanangu. Wakisema kituo ndicho kilichokosa, kituo kinafungwa. Kikifungwa, nani anabaki hapa? Tuliuza malisho. Tuliuza ng'ombe. Yule mwoka mikate anaoka kwa ajili ya nani? Lucette wa Firmin anatandika vitanda vya nani, naye ana mimba ya miezi saba? Kijiji kizima kinaning'inia kwenye ule waya."

"Nani alifungua kamba, baba?"

Mzee aligeukia rafu ya skii.

"Nimekuuliza."

"Viallet alinipigia simu kwenye kibanda cha makoleo," mzee alisema polepole. "Akasema, Séraphin, binti yako ana woga wa kike. Lile korongo lilikuwa malisho yako. Wewe unasemaje?"

Odile alimsogelea.

"Nikatoka nikalitazama. Nililitazama vizuri, Odile. Miaka sitini nalitazama. Nilichunga mbuzi pale kabla hawajajua hata kutuuzia tiketi. Nikasema, halitaanguka. Nikaenda nikafungua."

"Nilikuwa nimeandika ubaoni."

"Niliuona ubao wako!" Ghafla mzee alikuwa akipiga kelele, mate yakimruka. "Nimeuona kila asubuhi kwa miaka tisa! Binti yangu ananiandikia ubao, ananiambia wapi nipite na wapi nisipite, kwenye ardhi ya baba yangu! Wanaume wananicheka kwa meya. 'Séraphin, leo mkubwa wako amekuruhusu kwenda haja?' Unajua inavyouma?"

"Kwa hiyo ulifungua ili usichekwe."

Mzee akakaa kwenye benchi katikati ya viatu vya kukodisha.

"Firmin alinikuta pale pale," alinong'ona. "Akaniuliza, baba, Odile kakubali? Nikamwambia pita, mwanangu."

Wangeweza kulia pamoja wakati ule. Odile aliliona jambo hilo likisogea kati yao, karibu kabisa. Lakini baba yake alitia mkono mfukoni, akatoa karatasi ya Viallet, na kalamu.

"Tia saini. Nakuomba. Nitafungwa, Odile. Nina miaka sitini na saba."

"Firmin alikuwa na miaka ishirini na sita."

Alifungua mlango na kutoka.

*

Ukumbi wa meya ulijaa mpaka madirishani. Mbele, kwenye meza ya meya, alikaa kapteni, mtu mnene mwenye mafua, anapenga kamasi kila baada ya maneno matatu. Viallet alikaa kando yake kama mwenye nyumba. Kwenye benchi la nyuma kabisa, karibu na jiko la kuni, Odile alimwona wifi yake, Lucette, mke wa Firmin. Amejitanda shali nyeusi ya kuazima, mikono juu ya tumbo. Hajaongea na mtu, walisema, tangu mchana.

Odile alitaka kumwendea. Kapteni akagonga meza.

"Wewe ndiye msimamizi wa kituo cha juu?"

"Ndiye mimi."

"Korongo la Mbuzi lilikuwa wazi au limefungwa?"

"Nililifunga saa moja asubuhi. Kwa kamba na kwa ubao."

Mnong'ono ulipita ukumbini. Viallet alichezea pete yake.

"Basi nani alifungua?" kapteni aliuliza.

Odile aligeuka. Baba yake alikuwa amesimama mlangoni, ametota jasho kwenye baridi ile. Macho yao yakakutana. Alikuwa bado hajaamua, msomaji, nakuambia ukweli. Maneno yalikuwa ulimini na hakujua kama angeyatema au angeyameza.

Hakupewa nafasi.

"Ni yeye," mzee Séraphin alisema.

Odile alidhani mzee anamsema mtu mwingine. Hata aligeuza shingo kumtafuta.

"Binti yangu mwenyewe ndiye aliyefungua," mzee aliendelea, macho sakafuni. "Saa nne kasoro. Alifunga asubuhi, kisha jua lilipotoka akaona amekosea, akafungua. Mimi nilikuwepo na koleo langu. Nilimwona."

"Baba!"

"Mungu anisamehe, kapteni, nasema nilichokiona."

"Baba, umeniambia sasa hivi! Chumba cha skii! Umesema Viallet alikupigia simu!"

"Amechanganyikiwa," Viallet alisema kwa upole, kana kwamba anamhurumia. "Amempoteza ndugu. Tumwelewe. Lakini kazi ni kazi, na kamba zilikuwa mikononi mwake."

Kapteni alipenga kamasi. Akaandika. Akatazama ukumbi.

"Yuko mwingine aliyemwona huyu bibi akifungua kamba?"

Odile aliwatazama. Hawa ni watu waliomjua tangu hajaota meno. Mama mwoka mikate alimnyonyesha wiki tatu mama yake alipougua. Fundi wa waya alimfundisha kila skrubu ya ile mashine. Watasema, alijiambia. Watamsuta mzee, watamwonea huruma, watasema ukweli.

Mwoka mikate aliinua mkono.

Akafuata fundi wa waya. Halafu mwenye duka la skii, na mke wake. Halafu padri? Hapana, padri aliangalia dirishani, na hilo lilitosha. Mikono iliinuka mmoja mmoja, bila haraka, kama watu wanaopiga kura ya kutengeneza barabara.

"Mlikuwa wapi nyote?" Odile alisema. Sauti ilimtoka nyembamba. "Saa nne mlikuwa huku chini! Mwoka mikate, wewe unaweza kupanda mlima? Na goti lako lile?"

Mwoka mikate alianza kulia. Lakini mkono hakuushusha.

"Anthelme," Odile alisema.

Anthelme alikuwa ameegemea ukuta. Miaka tisa walikuwa wamegawana mkate na jibini kwenye kibanda kimoja. Ndiye aliyechimba pamoja naye asubuhi ile mpaka kucha zikatoka damu.

"Anthelme, wewe unajua."

"Nina watoto watatu, Odile," Anthelme alisema.

Akainua mkono.

Kapteni alifunga daftari lake. "Bibi Jacquemoud, chukua koti lako. Tunashuka wote bondeni."

Odile hakusogea. Uchungu ulikuwa umempita kimo, sasa alikuwa akiutazama kutoka chini, kama mtu aliyefukiwa. Alitaka kucheka. Koti lenyewe lilikuwa la kituo, lina jina la Valombrey mgongoni.

"Mimi sijainua mkono."

Sauti ilitoka nyuma, karibu na jiko. Watu waligeuka. Lucette alikuwa amesimama, mkono mmoja umeshika kiuno, kama wanavyosimama wanawake wazito.

"Kaa, mwanangu," mzee Séraphin alisema haraka. "Umechoka. Kaa."

"Sijainua mkono," Lucette alirudia, "kwa sababu sikumwona Odile akifungua kamba. Na nyie hamkumwona. Lakini hilo si langu. Langu ni jingine."

Viallet alinyanyuka. "Kapteni, huyu mama ni mjane wa leo. Tusimtese."

"Mnasema mume wangu alifia chini ya theluji," Lucette alisema. "Mmemwandika hivyo, bwana kapteni?"

Kapteni alifungua tena daftari. "Ndivyo nilivyoambiwa. Alitolewa akiwa ameshakufa."

"Nilikuwa kituo cha chini. Wageni waliposhuka na gari la kwanza, watu wote walifukuzwa. Mimi nilijificha chumba cha shuka. Gari la pili liliposhuka na machela, nikatoka, nikafunua blanketi." Aliweka mkono tumboni. "Mdomo wake ulikuwa unatoa mvuke."

Kapteni aliinua macho kutoka daftarini.

"Alikuwa anapumua. Alinishika kidole hiki mpaka alipokata roho. Alikuwa amelazwa nyuma ya ukuta kule juu, mzima, wakati gari la kwanza linaondoka na viti vitupu. Walimbakisha ili wageni wasione damu. Dakika ishirini na nne, bwana kapteni. Dakika ishirini na nne alilala pale kwenye baridi, akisubiri gari lirudi."

Odile alijiona kibandani. Aliuona mkono wake ukivuta. Yeye. Si Viallet, si baba, mkono huu huu. Aligeuka kumtazama Anthelme, na usoni mwa Anthelme akaona kila kitu: ukuta, machela, blanketi lililovutwa hadi juu ya kichwa cha mtu aliye hai ili dada yake asijue.

"Ulisema amekwisha," alimwambia.

"Waliniambia ukijua utaizima mashine," Anthelme alisema, na mkono wake ulikuwa wa kwanza kushuka.

Ukafuata mwingine, na mwingine. Baadhi ya mikono iliyokuwa juu ndiyo iliyoshika machela ile. Walikuwa wakiishusha taratibu, wakiificha mapajani, mifukoni, chini ya shali. Mwoka mikate alijipangusa uso kwa wake. Mzee Séraphin peke yake hakujua la kufanya na mikono yake. Alikuwa ndani ya gari la kwanza, mzee yule. Alishuka kwenye kona, kofia puani, akamwacha mwanawe nyuma ya ukuta.

Kapteni hakupenga kamasi tena. Alichovya kalamu.

"Ulisema alikushika kidole, mama. Alikuwa na fahamu?"

"Alikuwa nazo."

"Aliongea?"

"Aliongea," Lucette alisema. "Maneno machache. Nimeyashika yote."

Viallet alitupa jicho mlangoni. Lakini mlangoni sasa alikuwa amesimama Odile, amelivua koti la kituo na kulitupa chini, na hakuonekana kama mtu atakayempisha yeyote.

"Haya, mama," kapteni alisema. "Mumeo alisema nini?"

Lucette alimtazama mkwewe. Kisha akamgeukia Viallet.

"Alinitajia waliomwacha pale. Nianze na majina ya hawa wawili," aliuliza, "au na lile la tatu?"